Uchambuzi wa kisa: dairekta wa Kivu, prodyuza wa Ufaransa, na filamu iliyochelewa kufika kwao

Kisa ni cha nani

Hiki ni kisa cha dairekta mmoja wa dokumentari, mwanamke, Mkongo wa mashariki, anayejitegemea, kazi zake anazifanya kwa Kifaransa na Kiswahili. Tumuite Furaha, sio jina lake. Ameruhusu kisa kielezwe kwa sharti kwamba jina la filamu, miaka, kampuni na watu wengine wasitajwe, na vitu vichache kwenye hadithi ya filamu nimevibadilisha ili asitambulike, ila mtiririko wa mambo na vipengele vya mkataba viko vilevile. Mimi nimeingia pale alipoanza kutafuta mtu wa kumsaidia kusoma makaratasi, ya kabla ya hapo nimeyapata kwake mwenyewe na kwenye barua pepe zake, alizitunza zote na hilo peke yake lilikuja kumuokoa.

Nakiandika kwa sababu naona vijana wa Goma, Bukavu, Bujumbura, Lubumbashi, na siku hizi hata wa Dar na Nairobi, wanasaini karatasi zilezile alizosaini yeye, na wengi wanadhani kinachoamua ni kipaji na bahati ya festivali. Hapana, kinachoamua ni karatasi.

Alikotoka

Furaha kakulia mji mmoja wa kando ya Ziwa Kivu upande wa Congo. Nyumbani Kiswahili, shuleni Kifaransa, kama watoto wengi wa kule. Kamera kaijulia kwenye harusi, akimshikia taa binamu yake, baadaye akawa anashuti mwenyewe, halafu zikaja zile video za mashirika ambazo ndo zinalisha karibu kila mtu wa kamera kwenye Kivu yote: dakika 5 za chanjo, dakika 5 za maji safi, wakimbizi wanapokea mablanketi, logo mwishoni. Kazi hizo zinalipa kodi ya nyumba na zinakufundisha kumaliza kwa wakati. Ila zinakuzoesha kitu kimoja kibaya sana: unashuti, unakabidhi kila kitu pamoja na picha ghafi, unalipwa, unasahau. Picha sio zako na wala hufikirii kwamba zingeweza kuwa zako. Kumbukeni hili, tutalikuta tena mbele.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa anajua waliomtangulia, anajua kwamba Mweze Ngangura, mtoto wa Bukavu, alichukua Étalon de Yennenga, tuzo kuu ya festivali ya filamu za Afrika kule Ouagadougou, mwaka 1999, na alimfuatilia Dieudo Hamadi wa Kisangani ambaye 2020 filamu yake iliingia orodha rasmi ya Cannes, ya kwanza kutoka Congo. Alifanya filamu fupi mbili kwa hela zake, moja ikasafiri kidogo, ikampeleka kwenye warsha ya uandishi Ulaya. Hapo ndo akakutana na prodyuza.

Mradi wake mrefu ulikuwa umeshaanza. Miaka miwili alikuwa anamfuata mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, ndugu wa dagaa wa Kigoma, walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na sasa wanalisha miji yote ya kando ya ziwa. Boti zinavua usiku kwa taa, alfajiri zinafika, kina mama wanakuwa wameshajipanga na mabeseni. Furaha alikuwa anaamka saa tisa usiku na kamera yake aliyoinunua kwa mkopo, hana mtu wa sauti, maiki ameifunga kwenye kitenge cha yule mama. Alikuwa na zaidi ya saa 100 za picha kwenye hadi diski (hard disk) nne kabla hajakutana na Mfaransa yeyote.

Kwanini Ufaransa

Watu huuliza hili kwa lawama, kwamba kwanini hakubaki nyumbani. Kwa kweli hakuwa na njia nyingi. Congo hakupata mfuko wa serikali wa kumpa hela ya kumalizia dokumentari ndefu. Mifuko mingine ilikuwepo, mfano IDFA Bertha Fund ya Amsterdam, ambayo inasaidia madairekta wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na soko la miradi ya filamu, Durban FilmMart, linalofanyika tangu 2010, lakini huko maombi ni kwa Kiingereza na yeye Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Faili la mradi ni kurasa nyingi, unatakiwa ueleze nia yako kama dairekta, mtindo, wahusika, bajeti, na ukiandika kwa lugha usiyoiweza unaonekana huna mawazo. Kwa Kifaransa alikuwa anaandika vizuri mno.

Upande wa Kifaransa mlango mkubwa ni Aide aux cinémas du monde, mfuko unaosimamiwa na CNC, taasisi ya serikali ya Ufaransa inayoshughulikia sinema, pamoja na Institut français, taasisi yao ya utamaduni, tangu 2012. Mlango huu una kufuli lake: anayeomba ni kampuni ya uzalishaji iliyoko Ufaransa. Dairekta wa Kivu hawezi kutuma maombi mwenyewe hata awe na mradi wa dhahabu. Na sehemu ya hela lazima itumike hukohuko Ufaransa, maana yake mara nyingi editi, rangi na sauti. Kwahiyo kabla hata hujapata senti umeshaamuliwa kwamba filamu yako itamalizikia mbali na nyumbani.

Jambo hili ni la zamani. Sembène Ousmane, dairekta wa Senegal, alipotengeneza filamu yake *Mandabi* mwaka 1968 kwa hela ya CNC alilazimika kuishuti mara mbili, kwa Kiwolofu na kwa Kifaransa. Hela ya Paris tangu zamani inakuja na swali la lugha, leo swali limebadilisha sura tu.

Mkataba

Prodyuza hakuwa tapeli, naomba hili lieleweke vizuri maana wengi wakisikia visa hivi wanatafuta mwizi. Alikuwa na kampuni ndogo, anapenda dokumentari, aliziangalia picha za Furaha na akaona kilichomo. Alimtumia mkataba wa kurasa 23. Furaha aliusoma usiku mmoja, akaelewa maneno yote kwa sababu Kifaransa anakijua, akasaini. Kuelewa maneno na kuelewa mkataba ni vitu viwili tofauti.

Mambo matatu yalikuwemo mle.

La kwanza, kampuni ya Ufaransa ndo ilikuwa producteur délégué, yaani ndiye mwenye filamu mbele ya sheria, mbele ya benki, mbele ya festivali na mbele ya wanunuzi. Furaha alisaini kama mtunzi na dairekta tu. Faili lilihitaji pia kampuni ya nje ya Ufaransa ikae kama koprodyuza, yaani prodyuza mwenza, na hicho kiti kilikuwa kinamsubiri yeye, ila yeye hakuwa na kampuni iliyosajiliwa, alikuwa na jina na kurasa ya Facebook. Prodyuza alimuuliza kwa barua pepe, mara mbili, una kampuni? Akajibu bado. Kiti akapewa kampuni ya nchi nyingine ya Ulaya ambayo haikuwahi kukanyaga Kivu na iliingia na vifaa vya sauti.

La pili, zile saa 100 za picha hazikuandikwa popote kama mchango wake. Bajeti ilianza kuhesabu siku mkataba uliposainiwa. Miaka miwili ya kuamka saa tisa usiku, kamera ya mkopo, nauli, vyote kwenye jedwali vilikuwa sifuri.

La tatu, alihamisha haki zote za matumizi kwa miaka 30, dunia nzima, lugha zote, na akaridhia mapema kwamba kutakuwa na toleo la televisheni la dakika 52. Miaka 30 ni ya kawaida kule, na dakika 52 pia ni kawaida, ndo urefu wa kipindi cha dokumentari kwenye TV za Ufaransa. Ila hakuna mahali popote kwenye kurasa 23 palipoandikwa neno Congo isipokuwa kwenye anuani yake.

Malipo yake kama mtunzi yaligawanywa mara tatu, ya kusaini, ya kuanza editi, ya kukabidhi. Kwa hali yake zilikuwa hela nyingi, nazisema bila kuzidharau, alilipa deni la kamera na ada za wadogo zake.

Editi na viza

Editi ilipangwa wiki 12 Paris. Sasa angalieni hesabu hii kwa makini maana ndo iliyovunja filamu. Viza ya Schengen ya muda mfupi inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, sio siku 90 kwa kila safari. Furaha alikuwa ametumia karibu mwezi kwenye warsha na kwenye soko la festivali moja ndani ya kipindi hichohicho. Kwahiyo alipofika Paris kwa ajili ya wiki 12 alikuwa amebakiwa na kama wiki 8 hivi. Hakuna aliyepiga hesabu, sio prodyuza, sio yeye. Na kuomba upya sio kwenda mtaa wa pili, wakati ule ukiwa Kivu ilibidi upande ndege mpaka Kinshasa kwa sababu barabara ya kukufikisha haikuwepo, ulale kwa watu, usubiri.

Akarudi nyumbani filamu ikiwa na dakika 84 na haijafungwa, yaani toleo la mwisho halijakubaliwa. Iliyobaki ilifanyika kwa kutumiana linki. Umeme unakatika, bando linaisha, faili la gigabaiti 4 linapakua usiku kucha na asubuhi limekwama kwenye asilimia 71. Anaangalia toleo la wiki iliyopita wakati Paris wameshahamia toleo jingine, anatuma maoni ya kitu ambacho hakipo tena.

Katikati ya hapo sini moja ilipotea. Naielezea kwa sababu humo ndo mlikuwa na filamu yenyewe. Ni alfajiri, boti imefika, mama anapima sambaza kwa kikombe, mteja anabisha bei, mama anajibu huku anaendelea kupima bila kumwangalia, anajaza, anaongeza kiganja cha matabishi, yaani nyongeza ya bure, juu, wanacheka. Halafu anakuja mwanamke mwingine mdogo, hana hela, anasimama pembeni tu. Mama hasemi kitu. Anapima vikombe vitatu, anamwaga kwenye beseni la yule binti, anachukua kipande cha mkaa, anachora alama kwenye ubao wa boti kuukuu pembeni yake, na ukitazama vizuri ubao wote umejaa alama. Dakika 6, karibu zote ni Kiswahili cha Kivu cha harakaharaka. Yule mama ndo benki ya pale ufukweni.

Paris waliona sini ni ndefu na sabtaito zinakimbia mno mtazamaji hawezi kusoma. Ikabaki sekunde 40, na juu yake ikawekwa sauti ya msimuliaji kwa Kifaransa inayosema kwamba kila asubuhi mwanamke huyu anapigania maisha yake. Picha inamuonyesha mkopeshaji, sauti inamtangaza maskini. Furaha aliandika akakataa. Alijibiwa kwa heshima kwamba tarehe ya kukabidhi imefika na festivali inasubiri. Hakuandika tena. Alipoulizwa baadaye kwanini alinyamaza alisema alihisi filamu ni yao tayari, kama vile kazi ya shirika.

Filamu inatembea, nyumbani kimya

Filamu ilipokelewa vizuri. Ilianza kwenye festivali kubwa Ulaya, ikaenda kwingine, ikapata zawadi moja, TV ikanunua lile toleo la dakika 52. Furaha alihojiwa redioni, alivaa kitenge kizuri, watu wa mtaani kwao walimuona kwenye simu.

Na hapo ndo shida ilipoanza, maana kina mama wa sambaza nao walimuona. Kila alipopita ufukweni waliuliza, dada, sinema yetu iko wapi, au unatufichia? Yule mama mwenyewe hakuuliza, jambo lililomuumiza zaidi. Mwanzo jibu lilikuwa kwamba festivali inataka kuwa ya kwanza kuonyesha, na hiyo ni kweli, festivali kubwa zinadai iwe haijaonekana popote. Ila baada ya hapo ilikuja festivali nyingine iliyotaka kuwa ya kwanza Afrika, kisha wakala wa mauzo akasema onyesho lolote linalipiwa ada, na ada aliyoitaja kwa jioni moja ilikuwa inazidi gharama ya jenereta, projekta, viti na sabuni za shukrani kwa kina mama wote. Dairekta anaombwa alipe ili aonyeshe filamu yake kwa watu waliomo ndani yake. Zilipita karibu miaka miwili.

Barua

Alipoanza kutafuta msaada tulikuta silaha tatu ambazo alikuwa nazo siku zote bila kujua.

Sheria ya hakimiliki ya Ufaransa ina upande mgumu na upande unaomlinda mtunzi. Mgumu ni kwamba ukisaini na prodyuza bila kusema vinginevyo inachukuliwa umemhamishia haki za matumizi. Ila sheria hiyohiyo inamtaka prodyuza ampe mtunzi, angalau mara moja kwa mwaka, hesabu ya mapato kwa kila aina ya matumizi. Furaha hakuwahi kupata hata moja. Tena inasema filamu inahesabika imekamilika pale dairekta na prodyuza wanapokubaliana juu ya toleo la mwisho, na kubadilisha, kuongeza au kupunguza kitu kunahitaji kibali chao. Na haki ya kimaadili ya mtunzi juu ya kazi yake haiuzwi wala haiishi muda, hata ungesaini nini. Zile barua pepe zake za kukataa ile sauti, zenye tarehe, zilikuwa ushahidi kwamba makubaliano hayakuwepo. Na tangu 2016 prodyuza ana wajibu wa kuendelea kutafuta matumizi ya filamu, kuifungia kabatini haitoshi.

Cha pili, CNC wana rejista ya umma ya filamu ambapo mikataba inaandikishwa na yeyote anaweza kuangalia. Tuliangalia, tukakuta mkataba na wakala wa mauzo, umempa Afrika nzima pamoja na dunia. Furaha hakuwa ameambiwa.

Cha tatu zilikuwa hadi diski. Alitoa nakala tu kwenda Paris, za kwanza zilibaki kwa shangazi yake ndani ya sanduku la nguo. Mkono mtupu haulambwi, na yeye kumbe mkono haukuwa mtupu.

Barua ilienda kwa posta ya rejista yenye risiti ya kupokelewa, kwa Kifaransa kilichonyooka, bila tusi na bila kutishia mahakama. Iliomba hesabu, iliomba mazungumzo kuhusu Afrika Mashariki na ya Kati, na ilikumbusha kwamba toleo la mwisho halikuwa na sahihi yake. Ilichukua wiki kadhaa. Prodyuza alipiga simu, akakiri kwamba hakuwahi kuliangalia suala la nyumbani kwa macho hayo, na wakaanza kuandika avenant, nyongeza ya mkataba.

Alichopata, alichokosa

Kwenye avenant alipata ruhusa ya kuonyesha bure, maonyesho yasiyo ya biashara, kwenye RDC, Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanzania, bila kuomba kibali kila mara. Alipata haki ya kutengeneza toleo la Kiswahili kwa nchi hizo, lisilo na sauti ya msimuliaji, na sini ya alfajiri imerudi nzima. Alipata maandishi kwamba picha ghafi ni zake na prodyuza ana leseni ya kuzitumia kwenye filamu hii tu.

Hesabu ilikuja pia. Wakala alikata asilimia 25 ya mauzo, kisha gharama za matangazo na sabtaito, kisha prodyuza akajirudishia hela zilizotangulizwa, sehemu ya mtunzi ikawa sifuri. Hakuna uongo kwenye hesabu hiyo, ndo jinsi mikataba hii inavyotembea, mtunzi yuko mwisho wa foleni. Hela pekee aliyopata baada ya malipo ya mwanzo ilitoka Scam, chama cha watunzi wa dokumentari cha Ufaransa ambacho kinakusanya malipo ya kurushwa kwenye TV na kumlipa mtunzi moja kwa moja bila kupita kwa prodyuza. Alikuwa hajajiunga. Alijiunga, akaitangaza filamu, ikalipa. Dairekta wa dokumentari ambaye filamu yake inaoneshwa TV za Ufaransa na hayupo Scam anaacha hela mezani, nasema hili kwa herufi kubwa kama ningeweza.

Alichokosa: toleo la dakika 52 limebaki na ile sauti, TV ilishanunua. Kiti cha koprodyuza hakikurudi. Zawadi iliyokuja na hela ilienda kwa kampuni kama kanuni za tuzo hiyo zilivyosema.

Onyesho la kwanza lilifanyika ufukweni penyewe, jioni kabla boti hazijatoka, shuka jeupe limefungwa kati ya milingoti miwili. Ilipofika sini ya mkaa mwanamke mmoja alipaza sauti kwamba lile deni la yule binti halijalipwa mpaka leo, watu wakaangua kicheko, binti naye alikuwepo akasimama kujitetea, filamu ikabidi isimamishwe kidogo. Mazungumzo yaliyofuata kuhusu mikopo ya sambaza yalikwenda mpaka usiku. Hakuna ukumbi wa Ulaya uliokuwa na maswali ya aina hiyo.

Uchambuzi wangu

Kosa kubwa halikuwa kwenda Ufaransa, na sikubaliani na wanaosema tuachane na hela za watu. Bila ile hela filamu ingekuwa bado kwenye hadi diski. Kosa lilikuwa kwenda kama mtu binafsi. Congo imeingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na chini ya OHADA mtu mmoja anaweza kufungua SARL, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, peke yake, kuna dirisha moja la kusajili, unapata namba ya RCCM, ile ya rejista ya biashara, unaendelea na kazi. Ni usumbufu, ni foleni, lakini ni usumbufu wa mara moja. Lile swali la barua pepe, una kampuni, lilikuwa ndo swali kuu la maisha yake ya kazi na lilipita kama salamu. Kama angekuwa na kampuni angekaa kwenye mkataba wa koprodakshen, saa 100 zingeandikwa thamani, na nchi za kwao zingebaki mkononi mwake kwa sababu ndivyo makoprodyuza wanavyogawana kawaida, kila mmoja anabaki na eneo lake.

La viza watu wanalichukulia kama balaa la nje, mimi naliona kama kosa la ratiba ya uzalishaji. Kama dairekta ana siku 90 kati ya 180 basi hiyo ni namba ya kwanza kwenye kalenda, kabla ya upatikanaji wa chumba cha editi, na kama haitoshi basi mtu wa editi ndo apande ndege aje Kivu, Kigali au Nairobi kwa wiki nne. Tiketi ya mtu mmoja ni bei nafuu kuliko filamu iliyofungwa bila mwenyewe.

Lile la sauti ya msimuliaji ni zito zaidi. Sidhani kama kuna mtu Paris alitaka kumdhalilisha mama. Walikuwa na mtazamaji wao kichwani, anayekaa kwenye kochi na hajui Kiswahili, na wakamhudumia. Ila hakukuwa na mtu chumbani anayeelewa kwamba majibizano ya bei ni hadithi, kwamba matabishi yana maana, kwamba alama za mkaa ni daftari. Mtafsiri wa sabtaito alifanya kazi kwenye karatasi iliyotafsiriwa tayari. Kuwepo kwa Mswahili mmoja tu kwenye editi, hata mwanafunzi wa Kikongo anayeishi Paris na kulipwa kwa siku, kungetosha. Hiki ni kitu cha kuandika kwenye bajeti, mstari wake wenyewe.

Kilichofanya kazi ni utulivu wa barua, na kutunza kila kitu. Marafiki zake walimshauri aanike mambo mtandaoni amuite prodyuza mkoloni. Angepata laiki nyingi. Lakini prodyuza huyo ndiye mwenye funguo kwa miaka 30, na alikuwa mtu anayeweza kuongea. Kilichofanya kazi pia ni sanduku la shangazi: tabia ya mashirika ilimfundisha kukabidhi vyote, ila hakukabidhi za kwanza kwa sababu tu hadi diski za kutuma zilikuwa na nafasi ndogo. Safari ile bahati ilimsaidia. Sasa amefanya kuwa sheria.

Na kuna yule mama. Kwenye mkataba wa kurasa 23 alitajwa kwa neno personnage, mhusika, na alikuwa na karatasi yake moja ya kuruhusu kupigwa picha, kwa Kifaransa, lugha ambayo haisomi. Kwa maoni yangu hii ni sehemu ya kisa ambayo bado haijarekebishwa kabisa. Furaha amemsomea ile karatasi upya kwa Kiswahili mbele ya mwanae, na mama aliuliza swali moja tu, kama kuna siku anaweza kusema basi. Kwa mujibu wa karatasi, hapana.

Filamu ya pili ilipo sasa

Ana kampuni. Filamu ya pili imeanza na hela ndogo ya uandishi kutoka mfuko wa OIF, shirika la nchi zinazotumia Kifaransa, ule unaosaidia picha za nchi za Kifaransa tangu 1988, na mwombaji ni kampuni yake. Amepata koprodyuza Ubelgiji na mwingine Ufaransa, yeye akiwa prodyuza mkuu pamoja nao, na picha alizokwishashuti zimeingia kwenye mpango wa fedha kwa thamani iliyokubaliwa na wote watatu. Mkataba una kipengele kwamba ndani ya miezi mitatu baada ya onyesho la kwanza popote duniani filamu itaonyeshwa pale iliposhutiwa, kwa gharama ya bajeti ya filamu, na hakuna wakala anayeweza kuzuia. Editi wiki sita Kigali, sita Brussels. Karatasi za wahusika ziko kwa Kiswahili kwanza, na zina mstari unaomruhusu mtu kujitoa mpaka siku ya kufunga picha.

Kwenye filamu ya kwanza ameomba haki zote za biashara za Afrika ya Mashariki na ya Kati zirudi kwake kabla ya ile miaka 30 kuisha, ili aweze kuiuza kwa TV za huku. Prodyuza anasema lazima wakala wa mauzo akubali kwanza, na wakala hajajibu.